Mumbwa wa Adelgunda

Adelgunda alikuwa ameinama kwenye kidimbwi cha kuoshea dhahabu cha Rwezaura, khanga ameikaza kiunoni, anakwangua tope la chini kwa kibakuli na kulijaza ndooni, aliposikia mtu anakohoa nyuma yake. Hakugeuka. Kikohozi chenyewe kilikuwa cha unyenyekevu, na yeye watu wanyenyekevu hakuwa na haja nao.

"Habari za asubuhi, Mama Yustus."

"Nzuri."

Alikuwa Mbonimpa, baba yake Kantengwa, mke wa mwanawe Yustus. Kwa maneno mengine alikuwa mkwe wake, ila Adelgunda alikuwa hapendi kulitamka neno hilo mbele za watu. Mbonimpa aliingia nchini mwaka wa sabini na mbili kutoka Burundi, na blanketi moja na mke mmoja, akapewa kipande cha pori kule Bugomora, na sasa, mwaka wa tisini na moja, nywele zimeshakuwa nyeupe, alikuwa kijijini Rugu akiosha mchanga wa dhahabu ya mtu mwingine kwa ujira wa siku. Mabinti wote wa Rugu walikuwepo, wenye vibanja vya migomba na wenye shangazi za kueleweka, na Yustus akaenda kumchukua wa huyu.

"Tope hilo si zuri, Mama Yustus," Mbonimpa alisema. "Hapo ndipo tunapooshea. Tunatia zebaki, ile dawa ya kukamata dhahabu. Nyingine inapotea, inakwenda chini na tope. Mimi naiona inavyometameta."

"Wewe unaiona."

"Naiona, Mama."

"Mimi nilianza kufinyanga mumbwa wakati wewe hujui Karagwe iko upande gani wa dunia," Adelgunda alisema, bado kainama. "Nenda kaoshe mchanga wa bwana wako. Utakatwa siku yako bure."

Mbonimpa akarudi mwaloni, pale pa kuoshea mchanga, kwa wenzake. Mikono yake ilikuwa inatetemeka. Adelgunda aliiona kwa pembe ya jicho, akajisemea moyoni kwamba asubuhi yote hii mtu ameshapiga pombe.

Mumbwa wa Adelgunda ulijulikana kutoka Rugu mpaka Kamuli. Majani aliyoyatia aliyajua yeye na marehemu mama mkwe wake tu. Aliyatwanga, akayakanda na udongo wa mtoni, akafinyanga vijiti vya urefu wa kidole, akavikausha juu ya kichanja cha jikoni. Mwanamke mwenye mimba alinunua vijiti vyake, akawa anasugua kimoja juu ya jiwe lenye maji, asubuhi na jioni, anakunywa yale maji mazito. Miguu haivimbi, kichefuchefu kinakwisha, mtoto anakaa mahali pake. Wanawake wenye waume waliosoma walimjia kwa siri, na Adelgunda aliwapokea kwa ile dharau tamu ya mtu aliyejua kwamba watakuja.

Lakini udongo wa mumbwa hauokotwi popote. Ukoo wa marehemu mumewe, Kahigi, ulikuwa na shimo lake la udongo kando ya kijito cha Kasharara, tangu zamani za watu wasiojulikana hata majina. Rwezaura alipokuja kuchimba dhahabu na vijana wake na mabeleshi, shimo lile lilikuwa la kwanza kuchimbuliwa. Hawakukuta dhahabu humo. Walikuta udongo mzuri, wakautupa kijitoni, wakaendelea mbele. Kasharara, ambako watu walikuwa wakichota maji ya kunywa, ikageuka kuwa uji wa mtama.

Adelgunda aliwatukana wiki nzima. Kisha akagundua kidimbwi. Tope lililotulia chini ya kidimbwi cha kuoshea lilikuwa limeshachujwa mara kumi, halina hata punje ya mchanga. Alilipima kama alivyofundishwa na mama mkwe wake: akatia kidogo kwenye ncha ya ulimi, akalisugua kwa meno ya mbele. Udongo mbaya hulia kwenye meno. Huu haukulia kabisa. Ulikuwa laini kuliko wowote aliopata kuushika katika miaka arobaini, na Adelgunda alicheka peke yake pale kando ya maji, kwamba yule mwizi Rwezaura alikuwa anamchujia udongo bila kujua.

*

Kantengwa alikuwa na mimba ya miezi sita. Ilikuwa mimba ya tatu. Ya kwanza na ya pili zilitoka, na kila ilipotoka, wadogo zake marehemu Kahigi walikuja kutoa pole wakakaa uani muda mrefu kuliko pole inavyohitaji, macho yao yakizunguka kwenye migomba na mibuni. Yustus alikuwa mtoto pekee. Asipokuwa na mtoto, kibanja kile kingerudi kwa baba zake wadogo siku moja, na Adelgunda alijua vizuri kwamba siku hiyo yeye mwenyewe angeambiwa arudi kwao akiwa na ndoo zake. Kwa hiyo mimba ile aliilinda kuliko macho yake. Kantengwa hakubeba maji, hakulima, hakutoka kwenye mvua. Alikaa jikoni karibu na moto, chini ya kichanja cha mumbwa, na kunywa alichopewa.

"Mama," alisema siku moja, "mdomo wangu una ladha ya sarafu."

"Sarafu umeila wapi?"

"Sijaila. Lakini ladha ni hiyo. Na fizi zinauma."

"Mswaki hupigi, ndiyo maana."

Kantengwa alikuwa msichana wa maneno machache, na Adelgunda aliuhesabu uchache huo kuwa ujinga. Wiki iliyofuata miguu ya Kantengwa ikaumuka. Kidole ukikibonyeza pale kwenye ugoko, shimo linabaki. Asubuhi uso nao ulikuwa umejaa, macho yamekuwa nyufa. Yustus, mwanamume wa miaka ishirini na tisa ambaye mbele ya mama yake alikuwa hajawahi kumaliza sentensi, alisimama mlangoni mwa jiko akikunja kofia yake.

"Mama, mimi naona tungempeleka tena zahanati. Yule nesi alisema..."

"Nesi alisema nini?"

"Alisema aache udongo. Udongo wowote. Alisema mkojo wake..."

"Nesi amezaa wangapi?"

"Sijui."

"Hajazaa hata mmoja. Mimi nimezalisha nusu ya vijana wa kijiji hiki, na nesi asiyejua uchungu unaanzia wapi atanifundisha miguu iliyovimba?" Adelgunda alichukua jiwe la kusugulia, akamwaga maji. "Miguu ikivimba, mumbwa haujatosha. Ni jambo la kila siku. Tunaongeza."

Akaongeza. Kutoka asubuhi na jioni, ikawa asubuhi, mchana na jioni. Kantengwa alinywa, akafuta midomo kwa kiganja. Kikombe kilitetemeka kidogo mkononi mwake alipokuwa akikirudisha, na mama mkwe akamwambia ashike vitu kama mtu mzima.

*

Jumapili baada ya ibada Mbonimpa alikuja nyumbani. Alikuja kwa utaratibu, amevaa koti lake moja, na mbuzi mdogo kwenye kamba, kwa sababu mtu haendi kwa wakwe mikono mitupu.

Sasa, kwa watu wa Karagwe, mgeni akiingia anapewa kwanza kahawa ya kutafuna, zile punje zilizochemshwa na majani yake zikakaushwa. Hata adui anapewa. Mkwe anapewa kwenye kikapu kidogo kilichosukwa vizuri, kwa mikono miwili. Adelgunda alimpa Mbonimpa kreti la soda alilogeuza liwe kiti, na kahawa hakumpa. Kikapu kilikuwa juu ya meza, kimejaa, kila mtu anakiona. Yustus alikitazama, akamtazama mama yake, akaacha.

"Tumekuletea rubisi," Adelgunda alisema. Akamletea pombe ile ya ndizi kwenye kikombe cha plastiki, kile cha kuchotea maji ya kuku.

Mbonimpa alikipokea kwa mikono miwili, na mikono ikatetemeka, rubisi ikamwagika kwenye suruali yake.

"Naona tayari ulishakunywa njiani," Adelgunda alisema.

"Mimi sinywi, Mama Yustus. Niliacha mwaka juzi. Hii ni zebaki." Alisema kwa utulivu, akikiweka kikombe chini. "Wote wa mwaloni tunaoichoma tunakuwa hivi. Tunaikamua kwenye kitambaa, tunaiweka kwenye kijiko, tunachoma. Zebaki inapanda kama moshi, dhahabu inabaki. Meno yananitoka. Mwenzetu mmoja amesahau jina la mke wake."

"Pole."

"Nimemwona binti yangu kanisani leo. Sura yake sikuipenda. Nimekuja kuomba, kwa heshima, nimchukue akapumzike kwetu Bugomora mpaka ajifungue. Mama yake yupo. Maji ya kule ni ya chemchemi."

Kantengwa alikuwa anasikiliza nyuma ya mlango wa jiko, na Adelgunda alijua kwamba anasikiliza, akapandisha sauti ili asipate taabu.

"Mzee Mbonimpa. Mjukuu wa Kahigi azaliwe Bugomora, kwenye kibanda cha nyasi, kwa watu ambao hata shamba wanalilima kwa ruhusa ya kijiji? Wewe unayetetemeka kiasi cha kushindwa kushika kikombe ndiye utakayeshika mtoto?"

"Mimi nasema juu ya tope, Mama."

"Na mimi nasema juu yako. Mbuzi wako mrudishe, atawafaa."

Mbonimpa alisimama. Alisema asante kwa kinywaji ambacho hakukinywa. Yustus alimsindikiza mpaka mwisho wa migomba, akarudi akaenda moja kwa moja kulisha ng'ombe ambaye alikuwa ameshalishwa.

*

Mkutano wa kijiji uliitishwa kwa sababu maji ya Kasharara yalikuwa yamelalamikiwa mpaka mkoani, na mkoa, baada ya miezi minane ya kutafakari, ulileta mtu. Bwana Madini alifika na Landrova saa tano, akapelekwa kwanza nyumbani kwa mwenyekiti akala mbuzi, akatoka saa tisa akiwa na uso wa kung'aa. Wanakijiji walikuwa wamekaa kwenye nyasi za uwanja wa shule tangu asubuhi. Kijitoni alitazama akiwa amesimama ukingoni, asichafue viatu. Alikuwa na chupa ndogo ya kuchukulia maji. Akaisahau kwenye gari.

"Kwa kutazama kwa macho," alisema mbele ya mkutano, "maji haya yana udongo. Na udongo, wananchi, ni sehemu ya asili."

Mwenyekiti akapiga makofi. Rwezaura, aliyekaa kwenye kiti chenye mito kilichotolewa kanisani, kanisa ambalo alikuwa amelinunulia mabati, alipiga pia, polepole, saa yake ikicheza kwenye mkono. Alikuwa mtu mnene mwenye adabu nyingi. Hakuwahi kumtukana mtu, kwa kuwa alikuwa na watu wa kumfanyia kazi hiyo.

Hapo Mbonimpa akasimama katikati ya nyasi.

"Naomba kusema. Si udongo. Ni zebaki. Iko kwenye tope, na kuna wanawake wanaokunywa tope hilo. Binti yangu ni mmoja wao."

"Wewe ni mwanakijiji wa hapa?" mwenyekiti aliuliza.

"Ninafanya kazi hapa."

"Nimekuuliza kama ni mwanakijiji."

"Mimi ni wa Bugomora."

"Na kabla ya Bugomora?"

Watu wakacheka. Si wote, lakini walitosha. Kijana mmoja wa mwaloni, ambaye jana yake alikuwa amekula sahani moja na Mbonimpa, alisema kwa sauti kwamba mgeni akishiba huanza kukosoa chumvi, na kicheko kikazidi. Rwezaura alinyanyua mkono, akawatuliza, kama baba.

"Tusimcheke mzee," alisema. "Amesema kuna akina mama wanaotumia udongo huo. Basi tunaye hapa mtaalamu wake, mama yetu tunayemheshimu wote. Ma Adelgunda atuambie mwenyewe. Mimi sina la kusema."

Adelgunda hakuwa anampenda Rwezaura. Alikuwa akimwita mwizi kila siku ya Mungu. Lakini hakuna mtu aliyekuwa amewahi kumwita mtaalamu, tena kwenye mkutano, tena mbele ya mtu wa mkoani mwenye kalamu mbili mfukoni. Alisimama, akarekebisha khanga. Aliwaona wanawake wote aliowauzia wamemgeukia. Alimwona Kantengwa mwishoni kabisa, ameegemea mlingoti wa bendera ya shule, uso umejaa. Na katikati alimwona yule Mrundi amesimama, mikono inacheza, anamsubiri yeye kana kwamba walikuwa sawasawa.

"Miaka arobaini nafinyanga mumbwa," alisema. "Udongo mzuri naujua kwa ulimi wangu. Huu wa sasa ni bora kuliko wote niliowahi kuutumia, na mke wa mwanangu anaunywa mara tatu kwa siku, kwa mkono wangu mwenyewe. Kama kuna anayesema ni sumu, huyo ni mlevi au ni mwongo. Mimi naona ni vyote viwili."

Makofi yale yalikuwa makubwa kuliko ya Bwana Madini. Katibu akaandika. Mbonimpa aliketi taratibu, kwa sehemu mbili, kwanza magoti, kisha mwili. Kesho yake akaambiwa mwaloni hakuna kazi, akachukua mbuzi wake na kwenda kwao.

*

Siku nne baadaye Rwezaura alikuja nyumbani kushukuru. Alileta doti ya kitenge na sukari kilo tano. Mvua ilikuwa inanyesha, kwa hiyo Adelgunda alimkaribisha jikoni kwenye moto, jambo ambalo asingelifanya siku nyingine, lakini tangu mkutano alikuwa anajisikia mtu wa namna nyingine kidogo.

Kantengwa alikuwa amekaa kwenye kigoda, miguu ameinyoosha kwa kuwa haikukunjika. Yustus alikuwa anamenya ndizi. Kwa sababu ya mvua vijiti vya mumbwa vilikuwa vimegoma kukauka kwenye kichanja, na wateja walikuwa wameongezeka baada ya mkutano. Adelgunda alikuwa amevipanga kwenye kipande cha bati juu ya makaa na kuvifunika kwa sufuria, joto lisipotee.

"Ndiyo hivi vyenyewe?" Rwezaura aliuliza, akacheka. "Hebu nione utaalamu."

Adelgunda alifunua. Mvuke ukatoka. Sufuria kwa ndani lilikuwa limeota utando wa kijivu, na kwenye utando kulikuwa na vitone vidogo, vingi, vinang'aa. Adelgunda alikuwa ameviona tangu juzi. Alidhani ni jasho la majani.

Rwezaura aliacha kucheka. Alichukua sufuria, akapitisha kidole kwa ndani, na vitone vikakimbiliana, vikaungana kuwa tone moja la ukubwa wa harage, zito, linalotikisika.

"Aisee," alisema taratibu. "Zebaki yangu hii."

Akatoa kitambaa mfukoni, akaziba pua na mdomo. Akarudi nyuma hatua mbili mpaka mlangoni, kichwa kikawa nje kwenye mvua.

"Mama, una chupa? Hata ya dawa. Yenye kizibo. Unajua hii naitoa wapi? Inapita mipaka miwili kufika hapa. Vijana wangu wananiambia inapotea, inapotea, na mimi nadhani wananiibia." Sauti yake nyuma ya kitambaa ilikuwa ya furaha kabisa. "Tufanye hivi. Tope chukua kadiri unavyotaka. Zebaki itakayotoka uniwekee kwenye chupa, mimi nitakukumbuka."

Adelgunda alikuwa hatafuti chupa. Alikuwa anatazama kitambaa.

"Mbona unaziba pua?"

"Moshi wake si mzuri."

"Si mzuri vipi?"

"Si mzuri tu, Mama. Vijana huchomea nje, upepo ukiwa nyuma yao. Wewe unafanyia ndani, mlango umefungwa. Ungefungua hata dirisha."

"Jiko halina dirisha," Adelgunda alisema. Kisha akasema, "Mkutanoni ulisema haina neno."

"Nani, mimi?" Rwezaura alishangaa kwa dhati. "Mkutanoni ulisema wewe, Mama. Mimi nilisema sina la kusema. Imeandikwa."

Na kweli ilikuwa imeandikwa. Adelgunda alirudia maneno yote kichwani, moja moja, akitafuta la Rwezaura, akakuta yote ni yake. Miaka yote alikuwa amemdharau mtu huyu kwa kuwa ni mwizi, na mwizi alikuwa amesimama mlangoni kwake, amejiziba pua, mwenye akili kuliko yeye. Alijisikia mjinga, na mbaya zaidi aliujua ujinga huo ulianzia wapi: maneno haya haya alikuwa ameshaambiwa, mara tatu, na mtu ambaye yeye alimketisha kwenye kreti la soda.

Kantengwa aliinuka. Alijishika ukutani, akachukua khanga yake kwenye kamba, akajifunga kifuani na nyingine kichwani. Hakumtazama mtu.

"Yustus," alisema, "toa baiskeli."

Yustus aliweka kisu chini. Alimtazama mama yake kwa mazoea. Kisha akatoka kwenye mvua kwenda kutoa baiskeli, akampakiza mke wake nyuma, akaisukuma mpaka barabarani kungoja lori la Bugomora. Adelgunda alibaki jikoni. Rwezaura alikuwa ameshapata chupa mwenyewe.

*

Adelgunda alizunguka kijiji siku tatu, akidai mumbwa wake urudishwe. Ilikuwa kazi ya kudhalilisha kuliko zote alizopata kufanya. Kwa miaka arobaini alikuwa amewafundisha wanawake wale wamwamini yeye na wasimwamini mtu mwingine, na walikuwa wamefundishika. Mmoja alimrudishia vijiti viwili na kuficha vilivyobaki. Mwingine alimwuliza kama anataka kupandisha bei. Kokwijuka, mke wa jirani, mwenye mimba ya miezi minne, alimsikiliza mpaka mwisho kwa heshima.

"Lakini Ma, mkutanoni si ulisema ni bora kuliko wote?"

"Nilikosea."

"Ukakosea wewe?" Kokwijuka alitabasamu, kwa upole, kana kwamba anaongea na mgonjwa. "Ni uchungu wa mkamwana kukukimbia. Pole, Ma. Nenda kapumzike."

Akaenda kwa mwenyekiti, akaomba mkutano uitishwe aseme upya. Mwenyekiti alikuwa anakula. Alisema muhtasari umeshapelekwa mkoani, na mkoa haupendi mihtasari inayobadilikabadilika. Akamwuliza kama kitenge kilikuwa kizuri.

Alikichoma kile kitenge. Hata hilo lilikuwa upuuzi, alilijua akiwa anawasha kiberiti, kwa sababu Rwezaura hakuona na kitenge hakikuwa na kosa.

*

Habari ilifika Rugu kwa dereva wa lori: Kantengwa amejifungua mtoto wa kiume, kabla ya siku zake, mdogo sana, lakini yu hai. Baba wadogo wa Yustus walikuja kutoa hongera na hawakukaa. Adelgunda alisubiri wiki nne, akisema anangoja mtoto apate nguvu, lakini ukweli ni kwamba aliogopa. Kisha akakata mkungu mkubwa wa ndizi kuliko yote, akafunga jogoo miguu, akapanda lori.

Kibanda cha Mbonimpa hakikuwa cha nyasi. Kilikuwa cha matofali mabichi, na juu bati. Hilo hakuwa amewahi kuuliza. Yustus alikuwa shambani analima na mama mkwe wake, anafanya kazi kwa bidii kuliko alivyowahi kufanya kwao. Kantengwa alikuwa amekaa mlangoni kwenye mkeka. Uso wake ulikuwa umepungua, mifupa ya mashavu imerudi. Mapajani alikuwa na kitu kidogo kimefungwa kwenye flana.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Hamjambo?"

"Hatujambo."

Adelgunda aliweka mkungu chini, akamlaza jogoo kando yake, akanyoosha mikono yote miwili. Alikuwa amepokea watoto wengi kwa mikono hiyo, wengine wakiwa wa bluu, akawapiga mgongoni wakalia.

"Unawe kwanza, Mama," Kantengwa alisema.

Haikuwa sauti ya hasira. Mbonimpa alitoka ndani na jagi la maji, beseni na kipande cha sabuni. Alimsalimia kama anavyosalimiwa mtu mzima aliyetoka mbali. Akammiminia. Mkono wake ulitetemeka, nusu ya maji yakaenda kwenye beseni na nusu kwenye miguu ya Adelgunda, na hakuna aliyeomba radhi. Majirani wawili waliokuwa wanapita walisimama, wakatazama mama mzima wa Rugu ananawishwa mlangoni.

Adelgunda alinyoosha tena mikono. Kantengwa aliishika, akaigeuza, akaitazama viganja na kucha. Miaka arobaini ya udongo ilikuwa imeingia kwenye mistari ya ngozi na pembeni mwa kucha, kijivu, na sabuni moja isingeweza kuitoa.

"Tena," alisema.

Mbonimpa akamimina tena. Adelgunda akasugua, kucha kwa kucha, mpaka ngozi ikawaka. Mtoto aliamka ndani ya flana, akalia, sauti nyembamba lakini yenye nguvu, akatoa mkono mmoja nje. Adelgunda aliacha kunawa ili autazame mkono ule kama unatulia au unatetemeka. Mtoto wa mwezi mmoja mikono yake haitulii, huwezi kujua. Kantengwa naye alikuwa anautazama. Baba yake pia.

"Nimemaliza," Adelgunda alisema, akaionyesha mikono.

Kantengwa aliitazama kwa mara ya pili, muda mrefu. Kisha akaurudisha mkono wa mtoto ndani ya flana na kumvutia kifuani.

"Kaa hapo umwangalie, Mama," alisema. "Kumshika bado."

Adelgunda akakaa chini kwenye udongo, pale pale alipokuwa, mikono yake ikichuruzika maji, akamwangalia mjukuu wake.